Bwawa la Mita 20

Ukimwuliza mtu wa Mombasa kama anajua kuogelea, mara nyingi atakuonyesha bahari kwa kidevu, swali limekwisha. Tumezaliwa kisiwani. Hori ya Tudor iko upande huu, bandari ya Kilindini upande ule, na Jumapili jioni twenda Mama Ngina kupunga upepo na kula mihogo ya pilipili na ndimu huku tukitazama meli zikiingia. Lakini wengi wetu maji haya twayatazama tu. Nilipokuwa mdogo Mji wa Kale, ndugu zangu wa kiume walijifunza wenyewe kwa wenyewe, wakiruka kutoka ukutani maji yakijaa, wakirudi nyumbani macho mekundu na chumvi imewakauka mgongoni. Sisi wasichana tulikaa juu tukiwashikia viatu.

Mimi nimejifunza ukubwani, mama wa watoto waliokwisha maliza shule, katika bwawa la klabu ya mazoezi upande wa Nyali. Sababu ilikuwa magoti. Daktari alinikataza kukimbia na kunipunguzia ngazi, akaniambia nitafute maji, na akanieleza kwa nini: maji yakifika kiunoni, miguu hubeba karibu nusu tu ya uzito wa mwili, na yakifika kifuani hubeba karibu theluthi. Nilianza kwa kutembea ndani ya maji. Kisha nikawa nawatazama wale wanaokwenda ukuta huu na kurudi ukuta ule, kimya, asubuhi nzima, nikataka na mimi. Nawaandikia wanaowatazama watu hao leo na kudhani kwamba mambo yale ni ya wengine.

Jambo la kwanza lililonikwamisha ni vazi. Klabu ya kwanza niliyoiendea ilinipokea vizuri mpaka nilipotoa mkobani vazi langu: suruali, blauzi ndefu na kofia ya kufunika nywele, vyote vya kitambaa cha kuogelea. Msimamizi akasema bwawani hawaruhusu nguo, ni kostyumu tu. Nikampa akishike kitambaa kwa mikono yake. Ni nailoni yenye uzi wa kuvutika, kile kile kinachoshonewa kostyumu zenyewe. Sheria ya kukataza nguo za pamba naielewa na naiunga mkono, maana pamba hunywa maji ikawa nzito, ikamlemea mwogeleaji, na nyuzi zake hunyonyoka zikaenda kuziba chujio. Kitambaa changu hakina kasoro hiyo. Alikishika, akanirudishia, akasema sheria ni sheria. Nilipanda tuktuk kurudi mjini moyo umenijaa. Najua wanawake kadhaa waliorudishwa hivyo hivyo, na wengine wao hawakujaribu tena, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Klabu ya pili waliniuliza swali moja tu: kitambaa ni cha aina gani? Nikawajibu, nikalipa, nikaingia.

Kwa dada zangu wanaotafuta vazi hili, angalieni kiunoni. Blauzi iwe na kamba au vifungo vya kuishikanisha na suruali, la sivyo itajaa hewa, itapanda mpaka kifuani, na utashughulika kuivuta badala ya kuogelea. Mikono ibane kwenye vifundo. Vazi pana hubeba maji, na kila unapovuta mkono unavuta na maji hayo. Si lazima libane mwili wote, linatakiwa tu lisipepee. Na nywele, kabla ya kuvaa kofia, zilowesheni kwanza kwa maji ya bomba kisha mpake mafuta ya nazi. Nywele zilizokwisha kunywa maji safi hazinywi klorini nyingi. Bibi zetu walitupaka mafuta hayo kabla ya mambo yote, na kwa bwawa pia yanafaa.

Sasa bwawa lenyewe. Mabwawa mengi ya pwani yalichimbwa ili wageni wa hoteli wapumzike: yamepinda, yana kisiwa katikati, yana ngazi pasipotarajiwa. Kwa mtu anayetaka kwenda na kurudi, maswali ya kuuliza kabla ya kutoa hela ni kwamba lina mita ngapi, na je, lina kuta mbili zilizonyooka zinazotazamana? Bwawa la Olimpiki lina mita 50, kama lile la Kasarani, Nairobi, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. La mashindano ya bwawa fupi lina mita 25. Letu lina mita 20. Fundi wa pampu alilipima kwa futi kamba mbele ya macho yangu, kwa sababu mtu mmoja aliapa kwamba ni 25 na wote tulikuwa tunahesabu kwa hesabu yake.

Kipimo hiki kina uzito wake. Kilomita moja katika bwawa la mita 50 ni kuvuka mara 20. Katika la mita 25 ni mara 40, na katika letu ni mara 50. Tena bwawa fupi lina kuta nyingi, na kila ukuta unakupa msukumo wa bure wa mita kadhaa na nukta ya kuvuta pumzi. Kwa hiyo mtu wa bwawa la mita 20 akilinganisha muda wake na wa mtu wa Kasarani, hesabu hailingani. Linganisha leo yako na jana yako, bwawa lile lile.

Kuhesabu kulinisumbua kuliko nilivyotazamia. Ukifika katikati ya mazoezi akili inateleza, hujui ni mara ya ishirini na ngapi. Nilipata njia yangu: kokwa za tende. Naweka tano ukingoni, pembeni ya chupa ya maji. Kwenda na kurudi ni mita 40, kwa hiyo nikienda na kurudi mara tano nimetimiza mita 200, nasogeza kokwa moja. Zikihama zote tano ni kilomita. Watu wa pale walidhani ni dawa, nikawaeleza, na siku hizi naona kokwa za wengine pia ukingoni.

Lakini pumzi ndiyo kazi yenyewe, na hapo ndipo ningependa nikae.

Mimi niliweza kutembea kutoka Mji wa Kale mpaka Makupa nikiongea njia nzima. Ndani ya maji, mita 20 za mtindo huru, ule wa kulala kifudifudi na kupokezana mikono, ziliniacha nimeshikilia ukuta, natweta, kifua kinaniwaka. Nilidhani ni mapafu, nilidhani ni umri. Mwalimu wetu, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, alinitazama kwa muda kutoka ukingoni, akachuchumaa, akaniambia, "Mamangu, kuvuta pumzi wavuta vizuri. Mbona huitoi?"

Na kweli sikuitoa. Nilikuwa nikizamisha uso naibana, nikiinua uso ndipo naitoa na kuvuta nyingine papo hapo, vyote viwili ndani ya muda usiofika sekunde moja. Haiwezekani. Hewa ya zamani haijatoka, mpya haina pa kuingia. Kinachokufanya uhisi unakabwa koo ni ile kaboni dioksidi iliyolundikana ndani, wala si upungufu wa oksijeni. Oksijeni ungali nayo ya kutosha kwa mita zile. Ndiyo maana mtu mwenye afya nzuri kabisa hushikwa na hofu kwenye maji yanayomfika kiunoni: mwili unapiga kelele utolewe ile hewa, yeye anadhani unaomba nyingine. Mfa maji haishi kutapatapa, na huko kutapatapa ndiko kunakomaliza nguvu.

Dawa aliyonipa mwalimu ni kuvuma. Nisimame ukutani, nizamishe uso, nivume wimbo wowote kwa mdomo uliofungwa mpaka sauti iishe, niinue uso upande, nivute, nirudi. Ukivuma huwezi kubana pumzi, maana sauti haitoki bila hewa kutoka. Mapovu yanapanda mashavuni, unayasikia masikioni. Nilichagua wimbo wa lelemama niliousikia kwa nyanya yangu, na mpaka leo maji yakinichosha narudia kuuvuma. Tulifanya hivyo ukutani tu, bila kuogelea, mpaka nilipoona naweza kukaa pale muda mrefu bila moyo kunienda mbio. Kisha kwa ubao wa kushikilia mbele, miguu pekee. Kisha mkono mmoja. Ndipo mikono yote miwili.

Jambo la pili alilosisitiza ni kichwa. Wavulana wa pwani waliojifunza baharini huogelea kichwa kikiwa juu, na wana haki, kwa sababu baharini ni lazima uone wimbi linalokuja, ngalawa inayopita, na mwenzako aliko. Bwawani hakuna wimbi wala ngalawa. Ukiinua kichwa, nyonga zinashuka, miguu inazama, na unakuwa unaupandisha mwili mlima kila mkono unaopiga. Tazama chini, kwenye vigae. Ukitaka pumzi, geuka na mwili mzima, bega na nyonga pamoja, mpaka jicho moja litoke na jicho moja libaki majini. Mdomo utakuta pale kishimo kidogo cha hewa kinachotengenezwa na kichwa chenyewe kinapokwenda mbele. Mara ya kwanza nilipokiona kishimo kile, nikavuta hewa humo bila kumeza maji, nilisimama katikati ya bwawa nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Kuna mzee mmoja pale, mstaafu wa bandarini, nywele nyeupe zote, ambaye vijana wa jimu huwa hawamtilii maanani anapoingia. Anashuka ngazi taratibu, anapiga bismillahi, anaanza. Hana haraka hata chembe. Baada ya robo saa wale vijana waliokuwa wakiyachapa maji kwa nguvu wamekaa ukingoni wanahema, na yeye anakwenda vile vile alivyoanza. Nilimsalimia siku moja nikamwuliza siri yake. Akaniambia, "Binti yangu, usihesabu dakika. Hesabu mikono." Nikamtazama: mita 20 anazivuka kwa mikono kumi na minne hivi. Mimi nilikuwa nazivuka kwa mikono zaidi ya ishirini, nikifika nimechoka mara mbili.

Kuanzia hapo nimekuwa nikihesabu mikono. Idadi ikipanda katikati ya mazoezi najua nimeanza kuchoka na kukata maji juu juu, basi napumzika. Ili ipungue, mkono uingie majini mbele ya bega lake mwenyewe, usivuke kwenda upande wa pili mbele ya kichwa. Kuvuka huko ndiko kunakoleta maumivu ya bega wanayolalamikia wengi. Ukishaingia, unyooshe, uuache uteleze kidogo. Kisha kiwiko kibaki juu, vidole vielekee chini, na usukume maji nyuma kwa kiganja na kigasha chote, si kwa kiganja pekee. Miguu ipige kutoka nyongani, vifundo vimelegea, magoti yasikunjwe sana. Kwa magoti yangu mwenyewe, mateke ya mtindo wa chura ndiyo yaliyonitesa, kwa kuwa yanayasokota magoti kwa ndani. Mtindo huru na wa chali havijaniletea neno lolote. Mwenye magoti mabovu aanze na hivyo viwili.

Tena mtu asijilazimishe kwenda kilomita bila kusimama. Hata waogeleaji wakubwa hufanya mazoezi kwa vipande. Sisi twafanya kwenda na kurudi, tunapumzika sekunde 20, kwenda na kurudi tena, mara kumi, kisha tunabadilisha mtindo. Kipande kifupi kilichoogelewa kwa umbo zuri kinafundisha mwili, na kirefu kilichoogelewa kwa kuchoka kinaufundisha uzembe.

Habari ya kugawana maji nayo yataka kusemwa, kwa sababu katika klabu ndiyo inayoleta maneno. Bwawa letu lina kamba moja tu, inayotenga upande wa wanaokwenda na kurudi na upande wa wengine wote. Saa kumi na mbili unusu asubuhi, baada ya sala na kabla ya foleni ya daraja la Nyali, upande wetu unaweza kuwa na watu wanne. Mkiwa wawili, kila mtu ashike upande wake wa mstari. Mkizidi, mzunguke: wote mwende upande mmoja na kurudi upande wa pili, na mkubaliane ni upande gani kabla ya kuanza, siyo baada ya kugongana vichwa. Mwenye kasi atangulie. Anayetaka kupita apite ukutani, mwenzake akimsubiri sekunde mbili tatu. Anayepumzika ajisogeze pembeni ili ukuta ubaki wazi kwa wanaogeuka. Na anayeogelea chali ahesabu mikono yake kutoka alama fulani ya juu, maana mabwawa ya klabu hayana zile bendera ndogo zinazotundikwa mita 5 kutoka ukutani kwenye mashindano. Mimi alama yangu ni tawi la mwarobaini. Nikilipita, mikono sita, ukuta.

Lakini sheria hizi hazibandikwi popote, na mtu mgeni hawezi kuzijua kwa kuota. Nimeona mtu akimfokea mwenzake, "Huoni watu wanaogelea?" na yule mwenzake akatoka bwawani asionekane tena. Kwetu haiwi hivyo. Kulikuwa na kina mama wawili waliokuwa wakija kusimama ukutani pale tunapogeukia, wanazungumza, maji yamewafika kifuani, wamefurahi. Nilisimama, nikavua miwani, nikawasalimu. Nikauliza watoto hawajambo, nikauliza wanatoka mtaa gani, tukajikuta twajuana kwa upande wa shangazi yangu wa Kibokoni. Ndipo nikasema, "Naomba nafasi kidogo hapa ukutani, mama, nikifika nagusa na kurudi." Wakasogea bila kinyongo. Mmoja wao sasa anatumia ubao wa kupigia miguu, na hutangulia kuliko mimi kufika.

Maji ya bwawa yana elimu yake, na aliyenifundisha ni fundi wa pampu, mtu ambaye wanachama wengi humpita bila salamu. Kila asubuhi huchota maji kwenye kichupa, hutia matone, hutazama rangi. Klorini anataka iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kipimo cha uchachu, ile pH, kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Alinionyesha mtihani ambao mwanachama yeyote anaweza kuufanya bila kifaa: simama ukingoni, tazama kimia cha shimo la kutolea maji upande wenye kina. Kama huoni matundu yake vizuri, usiingie.

Akanisahihisha na jambo ambalo watu wengi hulisema kinyume. Ile harufu kali inayokukaba ukifika bwawani wengi huichukua kuwa ndiyo usafi. Klorini safi majini hainuki hivyo. Harufu ile, na macho kuwasha, hutoka klorini inapokutana na jasho na mkojo ikageuka kuwa kitu kingine, kloramini. Yaani bwawa linalonuka sana ni bwawa ambalo watu wameingia bila kuoga. Ndiyo maana napigania bafu la kabla, la sabuni, kuliko napigania jambo lolote jingine pale klabuni. Mtu ametoka kwenye mashine ya kukimbia, jasho linamtiririka, anajitupa majini moja kwa moja. Anawanyima wenzake macho yao.

Jua letu pia hula klorini. Bwawa la nje lisilo na dawa ya kuikinga, jua la adhuhuri likilipiga saa chache, klorini nyingi imekwisha, kwa hiyo maji ya asubuhi na maji ya alasiri si sawa. Umeme ukikatika na jenereta isiwashwe, pampu inasimama, chujio halifanyi kazi, na kesho yake maji yana ukungu. Na maji yenyewe hayapatikani kirahisi mji huu. Bomba linaloleta maji kutoka chemchemi za Mzima halitoshi watu wote, kwa hiyo wenye mabwawa hununua maji ya bouza, yale yanayoletwa kwa lori, au huchimba kisima, na visima vya kisiwani ni vya chumvi. Ukionja chumvi kidogo bwawani, ni hiyo.

Joto ni jambo la kuheshimiwa. Kanuni za mashindano zinataka maji ya nyuzi 25 hadi 28. Kaskazi inapovuma, Januari mpaka Machi, bwawa letu la nje huwa vuguvugu hata alfajiri. Mwili unatoa jasho ndani ya maji na hulioni. Hili ndilo linalowaangusha wageni. Nawakumbusha watu mbio za nyika za dunia zilizofanyika hapa Mombasa Machi 2007, ambapo hata Kenenisa Bekele, bingwa wa mbio hizo kutoka Ethiopia, alijitoa njiani kwa joto letu. Basi chupa ya maji iwe ukingoni, mapumziko yarefushwe, na ukihisi kichwa chepesi, toka ukae kivulini. Wakati wa Kusi maji yanapoa, na hapo ndipo mtu hujishangaa kwa kasi yake.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha ratiba. Wengine wetu huacha mchana wote wakihofia kumeza maji, huja usiku baada ya tarawehe klabu ikikubali kuacha taa. Kwangu mimi huo ndio wakati mtulivu kuliko wote.

Kuna jambo ambalo sikulitaja mwanzo kwa sababu si rahisi kwangu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa maji watu 272. Nilikuwa msichana. Nakumbuka barabara zilivyonyamaza, nakumbuka matanga yalivyofuatana mtaa kwa mtaa. Sisemi kwamba kujua kuogelea kungewaokoa. Watu walikuwa wamebanana na chombo kiliwapindukia. Lakini kuanzia siku ile mama yangu alituharamishia maji kabisa, wasichana na wavulana, na nyumba nyingi zilifanya hivyo. Hofu ilikuwa na sababu zake. Matokeo yake ni kwamba kizazi kizima cha wanawake kimevuka Likoni asubuhi na jioni, maisha yao yote, bila kujua hata kuelea chali wakisubiri msaada. Kuelea chali mtu hufundishwa kwa siku chache, katika maji yasiyomfika kifuani, na mwalimu akimshika kisogo. Hapo ndipo ninapoona thamani kubwa ya haya mabwawa ya klabu: hayana mkondo, hayapwi wala kujaa, unasimama ukitaka.

Bwawa lisimdanganye mtu pia. Aliyezoea mita 20 na ukuta wa kushika hajawa mtu wa bahari. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, huingia na kutoka Tudor kwa nguvu ambayo hakuna mkono wa mwanadamu unaoishinda. Mzee wetu wa bandarini huwapeleka wachache kuogelea baharini, upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe wa Nyali, na huanza na jedwali la maji: huchagua siku za maji mafu, ambazo kujaa na kupwa ni kudogo, saa moja kabla ya kujaa kabisa, wote wakiwa na kofia za rangi kali, mtu mmoja akiwafuata na mtumbwi. Amenialika. Nimemwambia nitakuja nikiweza kupumua pande zote mbili, kulia na kushoto, kwa sababu baharini wimbi halikuulizi umezoea upande gani.

Binti zetu wanahitaji kuyaona haya mapema. Mwalimu wetu huwasimulia wasichana wadogo habari za Jason Dunford, Mkenya aliyeweka rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo katika mchujo wa Beijing 2008, na aliyechukua dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi, 2010. Wanamsikiliza midomo wazi. Nami nataka waje wasimuliwe za msichana wa Kisauni au wa Majengo.

Kwa hilo tunahitaji saa. Klabu zetu nyingi, zikikubali kutenga saa za wanawake, huwapa saa nane mchana, jua la utosi, wakati ambao mama anayefanya kazi yuko kazini na mtoto yuko shule. Tulikaa wanawake tuliokuwa pale, tukaandika barua kwa uongozi wa klabu yetu, sahihi zetu chini, pamoja na ya yule mama niliyemwomba nafasi ukutani. Tuliomba mambo matatu: asubuhi moja ya mwisho wa wiki, mwalimu wa kike, na pazia upande wa ukuta wa jimu. Tumepewa Jumamosi, saa moja mpaka saa tatu asubuhi, na mwalimu yuko. Pazia bado. Wiki iliyopita fundi wa pampu alikuja na vipimo vyake akapima ule upande, akatuambia turubai la mita 12 litatosha, na kwamba vyuma vya kulitundikia anavyo stoo.